Neno na Mkono Katika Mashindano ya Sataranji

Mgeni aingiapo katika ukumbi wa mashindano ya sataranji hushangazwa na kimya chake. Watu wawili hukaa wakikabiliana kwa saa kadhaa pasi na kusemezana. Kwa mujibu wa sheria za FIDE, yaani Shirikisho la Kimataifa la Sataranji lililoasisiwa mjini Paris mwaka wa 1924, mchezaji haruhusiwi kumsumbua mpinzani wake kwa namna yoyote ile. Hata hivyo, yapo maneno machache ambayo huhitajika kutamkwa, tena kwa wakati wake maalumu.

La kwanza linatokana na kanuni ya mguso. Mchezaji ambaye ni zamu yake akiigusa kete yake kwa makusudi, sharti aichezeshe iwapo ina njia halali. Akiigusa ya mpinzani, sharti aile iwapo inalika. Kete ikishawekwa katika mraba na vidole vikaiachia, hairudishwi. Je, kete ikikaa upande? Anayetaka kuirekebisha hana budi kutangaza nia yake kwanza. Wengi husema "j'adoube", neno la Kifaransa, ingawa sheria imelitaja kama mfano tu. "Naweka sawa" latosha kabisa, mradi mpinzani aelewe na neno liutangulie mkono. Likitamkwa baada ya mguso huwa ni kisingizio, na waamuzi wamevizoea visingizio.

Uzito wa kanuni hii ulidhihirika mjini Linares, Uhispania, mwaka wa 1994. Garry Kasparov alikuwa akicheza na Judit Polgár, msichana wa miaka 17. Alimweka farasi wake katika mraba wa c5, akaiona hatari, akamhamishia kwingine. Kanda ya video ilionyesha baadaye kuwa vidole vyake vilikuwa vimemwachia farasi huyo kwa muda usiotimia hata sekunde moja. Polgár hakumwita mwamuzi. Aliendelea kucheza, akashindwa.

Hapa ndipo adabu na sheria huelekea kukinzana. Kwa sheria za sasa, mchezaji hupoteza haki ya kulalamikia kosa la mguso pindi tu anapoigusa kete kwa nia ya kucheza. Anayenyamaza kwa staha, hasa akiwa mchanga mbele ya mkubwa, huwa ameisamehe haki yake bila kujua. Kusimamisha saa na kumwita mwamuzi si utovu wa adabu hata kidogo; sheria yenyewe imeruhusu.

Utovu wa adabu ni kama ule wa Wijk aan Zee, Uholanzi, mwaka wa 2008, Ivan Cheparinov alipokataa kumpa mkono Nigel Short. Kwanza alihesabiwa kuwa ameshindwa. Baada ya rufaa na kuomba radhi, mchezo ulichezwa upya, na Short akashinda.

Neno jingine ni ombi la sare. Utaratibu wake ni kucheza kwanza, kuomba, kisha kubonyeza saa. Ombi likishatolewa haliondolewi. Mpinzani anaweza kulikataa kwa kauli, au akaigusa tu kete kwa nia ya kuichezesha, na mguso huo ukahesabiwa kuwa jibu.