Namba 300,000,000,000 na Fedha za Kongo

Tarehe 30 Juni 1998 Kongo ilianza kutumia faranga mpya, iliyolingana na zaire mpya 100,000. Zaire mpya moja nayo, tangu Oktoba 1993, ilikuwa imeshika nafasi ya zaire za kale 3,000,000. Hivyo basi, mkazi wa Bunia aliyetaka kupima deni la mwaka 1992 kwa fedha ya 1998 alipaswa kuligawanya kwa 300,000,000,000. Makala haya yanaichunguza namba hiyo.

Tuanze na jina lake. Dar es Salaam na Nairobi husomwa bilioni mia tatu. Bunia, ambako hesabu za shule za sekondari na za ofisini hufanywa kwa Kifaransa, ni miliari mia tatu, kwa kuwa bilioni ya Kifaransa si milioni elfu bali ni milioni mara milioni. Hati ya deni iliyoandikwa kwa maneno matupu inaweza, kwa hiyo, kusomwa na watu wawili kwa tofauti ya mara elfu, na wote wawili wakawa wanasoma Kiswahili. Neno laki, tulilolipata kutoka Bara Hindi, lingetuepusha na mzozo huu: laki thelathini mara laki moja haina tafsiri mbili. 

Kimaumbile, namba yetu ni zao la namba tasa tatu tu: 3 × 2¹¹ × 5¹¹. Ina vigawo 288, ikiwemo 1 na namba yenyewe. Hugawanyika sawasawa kwa 2, 3, 4, 5, 6 na 8. Ikigawanywa kwa 7 hubaki 1, na kwa 9 hubaki 3.

Wengi huzishangaa sifuri kumi na moja. Kwa maoni yetu, sifuri hazina taabu: ni 2 na 5 zilizozidishwa pamoja, nazo huisogeza tu nukta ya desimali. Ndiyo maana badiliko la 1998 lilikuwa jepesi kwa mwenye kalamu. Taabu ilikuwa ile 3 ya mwaka 1993. Tuchukue noti kubwa kuliko zote za zaire ya kale, ile ya 5,000,000 yenye tarehe ya 1992. Ukiigawanya kwa 3,000,000 unapata 1.666…, desimali isiyokoma. Yaani zaire mpya 1, makuta 66 na theluthi mbili ya likuta. Theluthi hizo hazikuwa na sarafu. Katika kila noti moja iliyobadilishwa peke yake, ama mnunuzi ama muuzaji alipunjwa kidogo, na hakuna ustadi wa hesabu ambao ungeliondoa punje hilo.

Noti zikikusanywa tatu tatu, punje hutoweka: noti tatu ni zaire mpya 5 kamili. Noti 600 zililingana na senti moja ya faranga ya 1998, na senti hiyo nayo ilichapiwa noti yake.