Mshona Viatu wa Petersfield (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi kijiji cha Hambledon, katika jimbo la Hampshire, kilivyopata kuwa makao ya kriketi ya Uingereza katika karne ya kumi na nane. Leo twamtazama mmoja wa wachezaji wake, John Small, aliyezaliwa Empshott mwaka 1737, akahamia Petersfield angali mtoto, akashika kazi ya kushona viatu, kisha akageukia kutengeneza magongo na mipira ya mchezo huo, hata ikawa riziki yake na starehe yake zatoka katika ngozi na mti ule ule.

Zamani hizo gongo lilikuwa limepinda nchani, kwa sababu mrushaji aliusukuma mpira ukabiringika juu ya majani. Warushaji walipojifunza kuurusha ukatua mbele ya mpigaji na kuruka, gongo la kupinda halikufaa tena. Na Small, ambaye alikuwa fundi na mpigaji kwa pamoja, akawa miongoni mwa wa kwanza kusimama na gongo lililonyooka na kuilinda wiketi yake kwa subira. Faida yake ilionekana mwaka 1775, alipopata mikimbio 136 dhidi ya Surrey, nayo ndiyo hesabu ya kwanza ijulikanayo kupita mia katika mashindano makubwa.

Lakini lililomwachia jina ni jambo la mwezi Mei wa mwaka huo huo, katika uwanja wa Artillery Ground, London, ambapo watu watano wa Hambledon walikabiliana na watano wa Kent. Small aliingia wa mwisho, na mikimbio 14 ilikuwa bado yatakiwa. Mrushaji alikuwa Edward Stevens, na wiketi siku hizo ilikuwa vijiti viwili tu na kijiti kidogo kilicholazwa juu yake. Mara tatu Stevens alimshinda Small, na mara tatu mpira ukapenya katikati ya vijiti pasipo kugusa kitu. Kwa mujibu wa kanuni, kwa kuwa kijiti cha juu hakikuanguka, Small hakuwa ametoka, akaendelea mpaka Hambledon ikashinda. Wenye insafu, hata waliofurahia ushindi, waliona kuwa ni dhuluma kwa mrushaji, na ndiyo asili ya kijiti cha tatu. Kwa rai yangu, lawama haikuwa ya Small hata kidogo: yeye alicheza kwa sheria aliyoikuta.

Tena alikuwa mpiga fidla, chombo ambacho wapenzi wa taarabu hawahitaji kuelezwa. Duke wa Dorset alimtunukia fidla, naye, kwa kuwa hakupenda kuwa mdeni wa mkubwa, akampelekea magongo mawili na mipira. John Nyren, aliyeandika habari za watu hawa, asimulia kuwa Small alipokuwa akikatiza shamba alishambuliwa na fahali, akaanza kupiga fidla, na mnyama akatulia kusikiliza. Atakaye kusadiki na asadiki.

Alifariki Petersfield tarehe 31 Desemba 1826, akiwa na umri wa miaka 89. Juma lijalo, inshallah, tutamgeukia Stevens mwenyewe, mtunza bustani wa Earl wa Tankerville.