Je, Wajua? Mafuriko, Bima na Mkono wa Serikali

Je, wajua kwamba bomba likipasuka usiku na sebule ikajaa maji hadi magotini, kwa serikali ya Marekani hayo si mafuriko? Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko wa nchi hiyo una kipimo chake: maji yawe yamefunika ekari mbili au zaidi za ardhi ambayo kwa kawaida huwa kavu, au yawe yameingia kwenye viwanja viwili au zaidi, kimojawapo kiwe chako. Yakikuingilia wewe tu, na jirani kalala pakavu, nenda kabishane na kampuni iliyokukatia bima ya nyumba.

Ukishavuka kizingiti hicho, kuna kingine. Nyumba nyingi za huko zina chumba chini ya ardhi, na watu hukigeuza sebule ya pili. Aliyekata bima ya vyombo atalipwa mashine ya kufulia iliyozama huko chini, atalipwa friza, atalipwa hata nyama iliyokuwa ndani ya friza. Kochi na zulia vya chumba hichohicho havilipwi. Noti zilizolowa hazilipwi popote zilipokuwa, na gari lililosombwa lina bima yake lenyewe. Mwenye hasara hupewa siku 60 kuwasilisha orodha ya madai yake, kwa saini na kiapo.

Kiwango cha juu kwa nyumba ya familia moja ni dola 250,000 za jengo na dola 100,000 za vyombo. Vyombo hukatiwa bima kando, kwa hiyo hata mpangaji asiye na tofali lake anaweza kuvikinga.

Je, wajua kwa nini serikali ilijiingiza kwenye biashara hii? Kwa sababu wafanyabiashara waliikimbia. Mwaka 1927 mto Mississippi ulivunja kingo zake na kuwaacha mamia ya maelfu ya watu bila makazi. Kampuni za bima zilipiga hesabu zikaona mafuriko hayana faida: yakija huwapiga wateja wote wa bonde kwa siku moja, na anayejua nyumba yake iko mlimani hanunui. Zikajitoa. Mwaka 1965 kimbunga Betsy kiliipiga Louisiana na kuwa cha kwanza nchini humo kusababisha hasara ya zaidi ya dola bilioni moja. Miaka mitatu baadaye, 1968, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoanzisha bima ya serikali.

Gharika ya 1927 ilizaa jambo jingine ambalo halitajwi sana. Sheria ya kudhibiti mafuriko ya 1928 iliipa serikali ya Marekani fedha na kazi ya kujenga kingo, na papo hapo ikaikinga isidaiwe hasara itokanayo na maji ya mafuriko. Kingo za New Orleans zilipobomoka wakati wa kimbunga Katrina, mwaka 2005, wakazi waliwashtaki wahandisi wa jeshi waliozijenga. Mwaka 2008 jaji aliwakosoa wahandisi hao vikali, kisha akaitupa kesi. Sheria ya miaka 80 ilikuwa imemfunga mikono.

Na je, wajua kwamba bima hii huuzwa na kampuni binafsi? Tangu 1983 kampuni huandika mkataba kwa jina lao, hupokea ada, hutuma wathamini, nazo hulipwa kwa kazi hiyo. Hasara yenyewe hubebwa na serikali. Hapo ni wazi nani alijua kujadiliana.

Hasara hiyo si ndogo. Katrina peke yake iliufanya mpango ulipe zaidi ya dola bilioni 16, fedha ambazo haukuwa nazo, ukakopa Hazina. Baada ya vimbunga vya 2017 Bunge lilifuta dola bilioni 16 za deni, na bado zikabaki zaidi ya bilioni 20. Riba hulipwa kutoka kwenye ada za wateja.

Ramani za mpango huu huonyesha eneo la “mafuriko ya miaka mia”. Wengi hudhani maana yake ni kwamba yakishapita, mtu anaweza kulala usingizi kwa karne nzima. Sivyo: maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, upya kila mwaka. Kwa mkopo wa nyumba wa miaka 30, uwezekano huo hufika kama asilimia 26, zaidi ya robo. Houston ilifurika vibaya 2015, ikafurika 2016, kisha 2017 kikaja kimbunga Harvey. Nyumba nyingi zilizozama kwa Harvey hazikuwa na bima, na nyingine zilikuwa nje ya ramani kabisa.

Je, wajua kwamba msaada wa maafa wa kwanza uliotungiwa sheria na Bunge la Marekani haukuhusu maji? Ulikuwa wa 1803, baada ya mji wa Portsmouth, New Hampshire, kuungua. Wafanyabiashara waliongezewa muda wa kulipa ushuru wa forodha.

Siku hizi rais ndiye hutangaza janga kubwa, kwa kawaida baada ya gavana kumwomba. Lakini hata tangazo likitoka, karatasi zinaweza kukukwamisha. Kimbunga Maria kilipoivuruga Puerto Rico, Septemba 2017, makumi ya maelfu ya maombi yalikataliwa kwa kuwa waombaji hawakuweza kuthibitisha kwamba nyumba ni zao. Walikuwa wamerithi kwa babu na bibi, au wamejenga taratibu kwenye kiwanja cha familia, hati hakuna. Nani wa Mbagala au Kibera ataishangaa habari hiyo? Mwaka 2021 shirika la maafa, FEMA, lililegeza masharti: aliyerithi nyumba na hana hati yoyote anaweza kukubaliwa kwa tamko lake mwenyewe lililotiwa saini.

Wengine hawasubiri fidia ya pili. Baada ya mafuriko ya 1993, mji mdogo wa Valmeyer, Illinois, wenye watu kama 900, ulihamishiwa mlimani kwa msaada wa serikali. Dar es Salaam nayo iliwapa viwanja Mabwepande waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 waliokuwa wakiishi bonde la Msimbazi.

Kenya ilijaribu njia isiyohitaji mthamini wala hati. Bima ya mifugo iliyoanzishwa na serikali 2015, ikianzia Wajir na Turkana, ilitazama malisho kwa setilaiti. Ukijani uliposhuka chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji alilipwa ng’ombe wakiwa bado hai, anunue majani na maji.

Mwisho, kwa mwenye ndugu Florida au Texas: bima ya mafuriko kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Msimu wa vimbunga hufunguliwa tarehe 1 Juni, kwa hiyo mpigie simu Aprili.