Jina la Baba, Kazi ya Mwana

Ukifika msimu wa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, hakosekani mtu wa kusema: "Huyo anapita tu, babake mheshimiwa." Haya, tumwangalie mmoja ambaye jina la baba lilimbeba kweli: Amani Abeid Karume.

Babake, Abeid Amani Karume, aliiongoza Zanzibar tangu Mapinduzi ya Januari 1964 hadi alipouawa kwa risasi Kisiwandui, 7 Aprili 1972. Mwana alikuwa na miaka 23. Hakurukia Ikulu, alipita serikalini mpaka akawa waziri wa mawasiliano na uchukuzi. Mwaka 2000 CCM ilipotafuta mrithi wa Salmin Amour, wajumbe wengi wa Zanzibar walimtaka Mohamed Gharib Bilal. Vikao vya Dodoma vikamchukua Karume. Jina lilisaidia, sawa, lakini waliokata shauri walikuwa ng'ambo ya bahari.

Akaanza vibaya. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika, kura zikarudiwa majimbo 16, CUF wakagoma kumtambua. Tarehe 27 Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji Pemba na Unguja. Zaidi ya watu 30 walikufa, na wengine zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka ukasainiwa Oktoba mwaka huohuo, ila 2005 uhasama ulirudi palepale. Kumsifia mtu huyu bila kuitaja Januari ile ni kudanganyana.

Sasa njoo 5 Novemba 2009. Karume anamkaribisha Ikulu Maalim Seif Sharif Hamad, yuleyule aliyekataa kumwita rais. Wanakaa, wanaongea wenyewe, hakuna msuluhishi kutoka nje. Ndani ya chama wapo waliochukia, lakini jamani, nani angethubutu kumwambia mtoto wa Karume kwamba anayasaliti Mapinduzi? Mwingine yeyote angemalizwa kwa neno hilo moja. Hapo ndipo jina lilipofanya kazi ambayo cheo peke yake kisingeweza. Kura ya maoni ya 31 Julai 2010 ikaleta asilimia 66.4 za ndiyo kwa serikali ya umoja wa kitaifa. Novemba akaondoka; Shein akawa Rais, Seif Makamu wa Kwanza.

Mwaka 2018 bintiye, Fatma Karume, alichaguliwa rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika. Serikali ya CCM haikupata upole wowote kwake.