Maneno Madogo ya Kiingereza Yana Kazi Kubwa



Wengi wetu hapa Ngonga sasa tunasoma Kiswahili bila shida. Lakini Kiingereza nacho kinatufuata. Kimeandikwa kwenye chupa za dawa za mimea na kwenye pakiti za vidonge. Ng'ambo ya Mto Songwe, wenzetu wa Malawi wanakitumia maofisini. Tunapojifunza, tunashika maneno makubwa: weka, mtoto, kula, lipa. Yale madogo tunayaruka. Hapo ndipo penye hatari.

Chukua chupa ya dawa ya kuulia wadudu. Mara nyingi imeandikwa "Keep out of reach of children". Msomaji anajua kwamba "keep" ni weka, na "children" ni watoto. Akiruka maneno ya katikati, atadhani dawa hiyo huwekewa watoto! Kumbe maana yake ni hii: weka mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Na vidonge je? "Before meals" ni kabla ya kula. "After meals" ni baada ya kula.

Kwa nini yanatusumbua?

Kiswahili kina njia yake. Sisi hubadilisha mkia wa neno. Aliyehama Ngonga ameondoka, aliyehamia Ngonga amekuja. Mwingereza hubakiza neno lilelile, akaongeza neno dogo. Wa kwanza ni "move from Ngonga", wa pili ni "move to Ngonga".

Tazama na neno "look":

"Look at" ni tazama.
"Look for" ni tafuta.
"Look after" ni tunza.

Ukimwambia mtu "look for my cow", atatoka mbio kumtafuta ng'ombe, naye yumo zizini! Ulitaka kusema "look after". Basi usijifunze "look" peke yake. Jifunze pamoja na mwenzake.

Mahali na wakati

Sisi tunasema sokoni, mezani, nyumbani. Mkia ni mmoja tu. Mwingereza huchagua: "at the market", "on the table", "in the house". Kitu kilichomo ndani, kama maji mtungini, ni "in". Kilicho juu ya kingine na kukigusa ni "on". Mahali pa kukutania ni "at". Sisi tunaojua Kinyakyusa tusiogope, maana nacho kina pa, ku na mu. Kuchagua mahali si kazi ngeni kwetu.

Kwa wakati, saa ni "at", siku ni "on", mwezi au mwaka ni "in". Saa mbili asubuhi Jumamosi ni "at eight o'clock on Saturday morning". Mwezi wa Mei ni "in May". Asubuhi peke yake ni "in the morning", lakini usiku ni "at night". Hiyo ni ya kukariri tu.

Mambo ya fedha

Hapa tuwe macho. "I borrowed from my neighbour": nimekopa kwa jirani, mdaiwa ni mimi. "I lent to my neighbour": nimemkopesha jirani, mdaiwa ni yeye.

Mnunuzi wa mpunga akikuandikia "I will pay by Friday", maana yake Ijumaa ndiyo siku ya mwisho. Akilipa Jumatano ni sawa, akilipa Jumamosi amechelewa. Akiandika "on Friday", ni Ijumaa yenyewe. "Until Friday" ni jambo linaloendelea mpaka Ijumaa, kama duka linalobaki wazi mpaka siku hiyo.

Tufanyeje?

Tuwe na daftari. Tuandike neno pamoja na mwenzake, katika sentensi nzima. Na kama karatasi ni ya sumu, ya dawa au ya deni, na neno dogo halijaeleweka, tuulize kwanza. Kuuliza si aibu. Tusitie sahihi wala kumeza kidonge kwa kubahatisha.

Zoezi

Jaza neno dogo linalofaa:

1. Look ... the children. (Tunza watoto.)
2. The meeting is ... Monday. (Mkutano ni Jumatatu.)
3. Pay ... Friday. (Lipa, mwisho Ijumaa.)

Majibu: 1. after, 2. on, 3. by.