NCHI JIRANI: Basi la Mwendokasi au Treni ya Mjini?



Geti la kiwanda halimngojei mtu aliyekwama njiani. Kwa hiyo habari ya usafiri wa mjini ni habari ya mshahara wetu. Tuwatazame jirani zetu wawili waliochagua njia tofauti.

Addis Ababa, Ethiopia, ilichagua reli. Treni nyepesi za umeme zilianza kubeba abiria Septemba 2015, katika njia mbili zenye jumla ya kilomita 34 hivi. Ujenzi uligharimu dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China.

Dar es Salaam, Tanzania, ilichagua mabasi ya mwendokasi. Yalianza Mei 2016, kilomita 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Mabasi hayo yalitengewa barabara yao wenyewe, na nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda.

Kila upande una faida yake. Dereva mmoja wa treni hubeba watu wengi kuliko dereva wa basi, na treni ya umeme haitoi moshi barabarani. Lakini reli ni ghali kujenga, na treni moja ikiharibika, zilizo nyuma husimama. Basi likiharibika, jingine hulipita. Vituo vya Dar es Salaam vilijengwa vikiwa na nafasi ya kupitana.

Hata hivyo, wote wawili waliumia mahali pamoja: matunzo. Addis Ababa ilinunua treni 41, na baada ya miaka michache nyingi zikasimama kwa kukosa vipuri. Dar es Salaam, mabasi yalipungua, abiria wakasongamana vituoni. Karakana ya Jangwani, iliyojengwa bondeni, ilifurika maji zaidi ya mara moja. Tena daladala zilikuwa zimekwisha kuondolewa katika barabara ile, na madereva na makondakta wake wakatafuta riziki kwingine.

Basi tusibishane juu ya tairi na reli tu. Mpango kama huo ukiletwa kwetu, chama kiulize: Je, fedha za vipuri zimetengwa kila mwaka? Mtu wa kima cha chini ataimudu nauli? Gari la kwanza litapita kabla ya zamu ya asubuhi? Madereva na makondakta wa matatu watapewa kazi gani?

Asiyejibu hayo anatuuzia picha. Gari zuri ni lile linalofika kila siku.

Umoja ni nguvu.