Chakula cha Moto na Vyombo vya Plastiki



Anayefika Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, huona malori yamepanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Madereva hukaa njiani siku nyingi, na chakula chao hununua kwa mama lishe. Wali wa moto ukitiwa katika mfuko wa nailoni hubebeka kwa wepesi. Na sisi visiwani, wangapi hatufuniki wali kwa mfuko ili upate kuiva kwa mvuke? Basi khabari hii ni ya Tunduma, na ni ya Unguja na Pemba pia.

Plastiki kiwandani hutiwa dawa za kuipa rangi, za kuilainisha na za kuizuia isichakae. Baadhi ya dawa hizo hazikushikamana nayo barabara, hutoka kidogo kidogo zikaingia katika chakula. Mambo manne huzidisha kutoka huko: moto, mafuta, ukali wa ndimu au siki, na kukaa muda mrefu. Wali wa nazi uliotoka jikoni una mawili kwa pamoja.

Dawa iliyochunguzwa sana ni bisfenoli A, itumikayo katika plastiki ngumu ya polikaboneti na katika utando wa ndani ya makopo. Mwilini huiga homoni, na kwa hivyo huhofiwa khasa kwa watoto wachanga. Umoja wa Ulaya uliikataza katika chupa za watoto mwaka 2011, na Disemba 2024 ukaamua kuiondoa karibu katika vyombo vyote vya chakula. Mifuko ya sokoni kwa kawaida haina dawa hii, lakini haikutengenezwa kwa chakula cha moto, nayo ina dawa nyengine.

Mkulima wa karafuu asiyesadiki ana ushahidi nyumbani kwake. Mafuta ya karafuu yakitiwa katika kikombe cha polistirini, hukilainisha na kukila. Ndiyo maana huwekwa katika chupa za kioo. Mafuta ya chakula si makali hivyo, lakini nayo huvuta dawa kutoka katika plastiki.

Yafaa basi tushike haya:

1. Chakula cha moto kitiwe katika sufuria, bakuli la udongo au la kioo. Kikishapoa, plastiki haina khatari kubwa.

2. Tutazame namba chini ya chombo. Namba 5 huvumilia moto zaidi. 3, 6 na 7 tusizitilie cha moto.

3. Achari ya ndimu na siki ikae katika chupa ya kioo.

4. Dumu lililokuwa na dawa ya mimea lisitiwe maji ya kunywa, hata likioshwa mara kumi, kwani plastiki huinywa dawa ile.

5. Wali ufunikwe kwa jani la mgomba, na sahani kwa kawa. Vyote viwili tunavyo, wala havina gharama kubwa.